Gari la Baba Chini ya Mchicha

Tulikuwa uani watu sita. Mimi, mume wangu, kwenye kiti chake cha kamba, binti yangu wa tatu, mumewe, aliyetaka tuchimbe choo kipya, na wachimbaji wawili kutoka Mjambere, mtu na shemejiye. Majina yao yote ninayo, na ya baba zao, lakini hapa siyaandiki.

Jembe liligonga bati kabla shimo halijafika kiunoni. Yule mchimbaji mkubwa akacheka.

"Bibi, umezika sufuria za mke mwenzio?"

Wakaendelea, likatokea paa la gari, rangi ya maziwa. Kufika adhuhuri ikaonekana namba ya nyuma. Binti yangu akaisoma kwa sauti, lakini mimi sikuhitaji kusomewa. Lilikuwa gari la marehemu baba, alilotuachia mimi na kaka yangu.

Nikamtazama mume wangu. Alikuwa akiangalia miguu yake.

Nilipomzaa huyu binti nilikwenda kwa mama, Likoni, kukaa arubaini. Uani kwetu nikaacha shimo wazi, tulimotoa mawe ya kujengea nyumba. Niliporudi nikakuta limefukiwa, limesawazishwa, na mchicha umeoteshwa juu. "Nimekuzibia, mtoto asije akatumbukia," mume wangu akaniambia. Nilimshukuru. Nikampikia mkate wa sinia. Alipokwisha kula ndipo akasema gari limeibwa.

Ufunguo wa pili alikuwa nao kaka yangu. Nikataka isomwe Halbadiri, mwizi aapizwe. Walimu wakaitwa, jamaa wakajaa. Kaka hakuja. Alituma neno tu: "Dada yangu ndiye wa kunisomea Halbadiri?" Nami nikasema mbele za watu kuwa asiye na hatia hakimbii kisomo. Aliyeshika chetezo ni mume wangu. Na kila dua akaitikia amin, wallahi nilimsikia. Tangu siku ile mimi na kaka tukawa watu wa kuonana mazikoni.

"Ulifanya nini?" nikamuuliza pale uani.

"Nililitoa bila kumuuliza kaka yako, nikaligonga ukutani. Mbele kote kukavunjika. Nikaona haya, mke wangu."

"Haya ya miaka yote hii?"

"Nilikuwa nikitafuta siku nzuri ya kukwambia."

Mkwe wangu akawaambia wachimbaji wende wakanywe chai.

Kesho yake nikavuka kwenda Likoni. Kaka hatembei tena vizuri. Nilimkuta kitandani, nikamshika mikono, nikamwambia yote. Akasikiliza hadi mwisho.

"Na amin aliitikia?"

"Aliitikia."

"Yeye mwache. Nambie, siku ile hakuna hata mmoja aliyenitetea?"

Nikamjibu sikumbuki. Lakini nakumbuka. Shangazi yetu alikaa karibu na mlango, ami zetu wawili wameegemea ukuta, mabinamu kwenye mkeka, majirani barazani. Kila mmoja namuona alipokaa, na simuoni aliyefungua kinywa. Mimi ni mzee, huenda kichwa kimenipotoa. Kama ulikuwepo, na ulisema neno, au ulimsikia mtu akilisema, nisahihishe. Njoo unambie, nimpelekee angali hai.