Siku Niliyomuua Koko kwa Mdomo

Nikiwa na miaka sita nilimuua koko wangu, bibi aliyemzaa mama, asubuhi kweupe, mbele ya mashahidi, nikiwa nimeshika bidoni ya maji. Sikutumia kisu wala sumu; nilitumia mdomo, na hadi leo nasema kazi ilikuwa safi. Yalikuwa majira ya mvua, Kadutu yote, mtaa wetu wa Bukavu, ikinuka udongo mwekundu na moshi wa makaa yaliyolowa. Bomba la mtaa lilikuwa limekauka, na kina mama walikalia bidoni zao wakingoja maji, hata umbea umewaishia. Mtoto mwenye akili angenyamaza. Mimi nikasema taratibu, kama mtu asiyetaka kusema: "Koko yangu wa Nyangezi alikufa."

Lawama zigawanywe lakini. Mama yangu huandika michezo ya redio, na wiki ile mzee mmoja wa mchezo wake alikuwa amekufa hewani. Nilimwona Maman Riziki, jirani yetu asiyeogopa hata askari, akiacha sahani kwenye povu na kumlilia mtu ambaye mama alimtunga mezani kwetu huku akitafuna karanga. Kisha akavuka uwanja kuja kumshukuru. Jambo hilo lilinikosesha usingizi. Mimi nikilia naambiwa nifunge mdomo. Mama anaandika, mtaa mzima unalia na kusema asante. Wahenga walisema mwana wa mhunzi asiposana huvukuta. Mimi sikutaka kuvukuta, nilitaka nyundo yenyewe.

"Alikufa namna gani, mutoto ya batu?" Maman Riziki aliniuliza pale bombani, na sauti yake ilikuwa imeshalainika.

"Alikuwa anatoka ku shamba. Akaikaa ku jiwe. Akasema, 'Nani atafungia mbuzi yangu? Iko na mimba.' Kisha akanyamaza."

Koko hakuwa na mbuzi. Hakuwahi kuwa naye. Mbuzi yule alikuja mwenyewe na mimba yake, akapita mdomoni mwangu bila kubisha hodi, na ndiye aliyewamaliza. Maman Riziki alijifuta macho kwa ncha ya kitenge, akaamuru mtu anibebee bidoni hadi nyumbani. Hayo ndiyo malipo yangu ya kwanza ya uandishi.

Njia ya mwongo fupi, wanasema, ila yangu ilirefushwa na adabu za watu. Kwetu mtu haambiwi kifo cha mama yake kwa simu, akiwa peke yake barabarani. Watu hukusanyika kwanza nyumbani kwake, ili akianguka aangukie mikono. Kwa hiyo hakuna aliyempigia mama, aliyekuwa redioni, wala papa, baba yangu, aliyekuwa mbali huko Shabunda ambako mtandao hushika siku ukipenda. Na nani apige simu kijijini Nyangezi kuwauliza waliofiwa kama kweli wamefiwa? Kufikia saa sita turubai la buluu lilikuwa limefungwa uwanjani, viti vya kanisa vimepangwa, maharage yanachemka kwenye sufuria kubwa na kina mama wa kwaya wameanza kuimba. Tonton Mugisho, seremala wa mtaa na mjomba wa kila mtoto, alinivuta pembeni akauliza kama mbao za sanduku azitafute Bukavu au atazipata hukohuko kijijini. Kila aliyefika aliomba nisimulie upya, nami sikuwanyima. Mchana ule mbuzi alizaa mapacha.

Kisha mama akatokea kwenye ngazi za mtaa, mfuko wa ndizi mkononi. Aliona turubai, akaona viti. Ndizi zilianguka kabla hajatufikia.

"Ni nani?" aliuliza.

"Kaa kwanza, maman," Maman Riziki akamwambia.

"Nimeuliza ni nani."

"Ni mama yako."

Sauti iliyomtoka sikuwahi kuisikia redioni wala popote. Haikuwa na neno hata moja. Nilidhani kilio ni kilio, kama maji yalivyo maji. Pale nikajua kwamba kile nilichokionea wivu na hiki havikuzaliwa tumbo moja. Nilipenya kati ya miguu ya watu, nikamshika goti. "Maman, mi njo nilimuua. Ni hadithi tu."

Kwaya ilikatika katikati ya ubeti. Mama alipiga simu Nyangezi, akaweka sauti juu ili wote wasikie.

"Nani alikufa?" koko akauliza. "Mi niko natwanga sombe." Alipoelezwa, mchi wa kutwangia kisamvu ukasikika ukiwekwa chini. "Basi muniambie saa ya maziko, nivae muzuri."

Tonton Mugisho ndiye aliyecheka kwanza. Maman Riziki alivua ndala anitandike, akashindwa kwa kicheko. "Kumbe nililia mbuzi ya bure," alisema, akaenda kupakua maharage, maana chakula kilikuwa kimeiva na wafiwa walikuwa na njaa.

Leo uongo ule usingevuka hata kona ya bomba. Kila mtu ana simu. Koko angetokea kwa video, mchi mkononi, kabla sijamaliza sentensi. Tumepata uhakika, sikatai, ila simwoni tena mtu anayekalia bidoni kumsikiliza mtoto hadi mwisho. Mimi niko sekondari sasa, na mwalimu wa Kifaransa analalamika kwamba insha zangu zina misiba mingi. Mama na mimi tunagombea meza ileile, naye hunikatia sentensi bila huruma. Lakini jioni ile, watu wakila, mimi nilikuwa nangojea fimbo. Mama alinipakata, macho yamemvimba, akanitazama muda mrefu kama anayemwona mgeni mwenye sura ya ndugu yake, akasema:

"Kuua mutu mu hadithi ni rahisi, hata mi nafanyaka ivo kama nimechoka. Kesho utapita ku kila mulango, utaomba musamaha, na utawaelezea namna koko yako anaishi. Na wasiposikiliza, rudi nyumbani, tutatengeneza hiyo hadithi yake pamoja."