Kidevu cha Mama Juu ya Utosi

Enzi zetu kule Pemba, mtoto wa kike hakufundishwa kusuka kwa kutazamana. Mama alinipakata, mgongo wangu kifuani kwake, kidevu chake juu ya utosi wangu, mikono yake na yangu kwenye miyaa ile ile ya ukindu. Uani sufuria ya rangi ya miyaa inatokota, harufu yake inagombana na ya muhogo wa nazi. Nikigeuka kumtazama usoni, konzi. "Wanitazama mimi, mimi ndiye kawa?"

Kawa ni kile kifuniko cha chakula, mfano wa kofia yenye ncha. Naeleza kwa sababu vijana wetu hapa Tottenham chakula hufunika kwa karatasi ya kung'aa, tena wakila macho yako kwenye simu mpaka shingo zimepinda. Sisi zetu zilipindwa na kuni. Shule niliishia la tatu, hilo sifichi, mwalimu alinichapa nikasema basi. Lakini kawa naijua.

Mdogo wangu Mwanaidi hakubahatika. Mama alifariki yeye angali ananyonya. Mikeka akafunzwa na majirani, ila ncha ya kawa hakuna aliyemwonyesha, na walioijua kule wameshatangulia, nami niko ng'ambo. Miaka yote mikeka yake ilichukuliwa na mchuuzi kwa bei aitakayo mchuuzi, na mwezi ukiwa mbaya huenda kuponda kokoto. Sasa ana simu. Anapiga picha mkeka mlangoni kwake, chai yangu haijapoa nauona Londoni! Nimepanda ndege, nimepanda treni za chini ya ardhi, lakini hilo la picha bado hunisimamisha nywele.

Basi Mama Neema, Mkenya mwenye duka karibu na kituo, akaja kunitembelea akaiona kawa ya marehemu mama mezani. "Huyo mdogo wako anaweza hii? Anionyeshe moja Ijumaa, nitachukua kila anachosuka. Akishindwa, nitatafuta kwingine."

Ijumaa tangu asubuhi tuko kwenye simu, tunatazamana. Ncha ya kwanza ikafumuka. Ya pili ikafumuka. Ya tatu, hali ile ile.

"Dada, mbona nakuiga vilevile!"

"Wapi! Mimi nakwenda kulia, wewe wakwenda kushoto!"

Mwanaidi akajifuta uso kwa kanga. "Basi, dada. Kokoto hazina ncha."

Hapo konzi la mama likanipata upya. Tunatazamana! Nikamwita mwanangu Zuhura, nesi, karudi kazini hata sare hajavua. "Simama nyuma yangu, ishike simu juu ya kichwa changu. Aone mikono, asinione mimi."

"Mama, I'm so tired."

"Mimi nilikuzaa nimelala?"

Nikasuka polepole. Kule Mwanaidi akafuata. Kisha akainua kawa yake, ncha imesimama, kali kama ya mama. Mama Neema alipopelekewa picha akajibu neno moja: "Aanze."

Mwanaidi hakushangilia. Alisema tu, "Kumbe hivi ndivyo mama alivyokuwa akiona."

Enzi zetu mapaja ya mama yalitosha. Mdogo wangu kayangoja mpaka kaota mvi, na yakamfikia kwa simu. Sina neno baya juu ya simu. Ila Zuhura alipochoka aliegemeza mkono wake juu ya utosi wangu, nami nikaendelea kusuka hata haja ilipokwisha, asije akauondoa.