Herufi Mbili za Watiri

Nilitaka dada yangu aandike neno moja tu: asiende. Aliandike kwa macho yake kwenye ile kompyuta, mumewe Jackton alisome akiwa amesimama pale pale sebuleni kwangu Gatitu, kisha apande gari aende zake bila mtoto. Basi. Sikuwa namwomba Mungu kitu kingine Julai ile, na Mungu anajua nilikuwa nimeshamwomba mengi akanyamaza.

Watiri alikuwa opereta wa simu mjini Nyeri. Kama ulipiga simu miaka ile kutoka Timau au Doldol, ni yeye uliyemsikia: "Nyeri hapa, nikuunganishe na nani?" Wakulima wa ngano wa Timau walikuwa wakija mjini wanapita pale dirishani kuuliza mwenye sauti ile ni yupi, na wakimwona wanamwachia viazi. Jackton, askari polisi wa Doldol, alimpenda kabla hajamwona. Mwanzo alipiga simu kuripoti ng'ombe walioibwa. Ng'ombe wakapatikana, naye akaendelea kupiga. Simu za Doldol zilikuwa hazina adabu, zinakufa katikati ya maneno, na akipiga tena dada yangu anacheka: "Tulikatika, afande. Endelea." Yeye Mkikuyu, yule Mjaluo, kwa hivyo walitongozana kwa Kiswahili, wakagombana kwa Kiswahili, wakamzaa Ivy.

Halafu ugonjwa ukaja. Ulianzia vidoleni, nyaya za simu zikawa zinamponyoka. Ukapanda mabegani, ukashuka miguuni, mwisho ukaja kooni. Daktari alisema ni mishipa ya fahamu, dawa hakuna, ila akili itabaki nzima mpaka mwisho. Alisema hivyo kama mtu anayetupa habari njema, nusura nimpige na mkoba. Sauti ilipoisha nikamchukua Watiri na Ivy, nikawaleta kwangu, maana Jackton alikuwa kazini Doldol na nyumba ya polisi si mahali pa kulaza mgonjwa. Nilifunga saluni yangu. Nilimlisha, nilimwogesha, nilimgeuza. Na Ivy nilimsuka nywele kila Jumapili kabla ya kanisa, akawa ananiita tata, Kikuyu cha dada ya mama, lakini kwa sauti ambayo mtoto humwita mama. Mimi sikujaliwa kuzaa. Acha niseme wazi, nilimpenda yule mtoto mpaka nikawa naogopa.

Na Watiri tuliongea kwa nyusi. Unamuuliza kitu, akiinua nyusi ni ndiyo, kama watu wote wa huku. Asipoinua ni hapana. Ilitutosha. Lakini kufika Juni nyusi nazo zikaanza kuharibika, mara zinajiinukia zenyewe, mara zinakataa. Ndipo Jackton akaja, akakaa kando ya kitanda, akauliza, "Mama Ivy, nimpeleke mtoto kwa mama yangu, Ugunja?" Zikainuka. Mimi nikaruka hapo hapo: "Watiri, hutaki aende, sivyo?" Zikainuka tena.

"Anakubali kila kitu," Jackton akasema.

"Ananikubalia mimi. Wewe umemshtua tu."

"Shemeji, mimi si adui yako. Mama yangu ako na nafasi, ako na wajukuu wengine wa rika lake. Hapa Ivy anaona nini? Kila siku anaona mama yake..."

"Si ndiyo! Anaona mama yake! Wewe unataka amwone wapi, kwa picha?"

Ndivyo tulivyofikia kuitaka ile mashine. Kituo kimoja cha watoto walemavu kilikuwa kimeletewa kompyuta inayoendeshwa kwa macho, zawadi kutoka ng'ambo, na hakuna aliyejua kuitumia. Tukakubaliana na Jackton kwamba tutaiazima, na lile Watiri atakaloandika mwenyewe ndilo litakalokuwa. Nilikubali haraka sana. Nilimjua dada yangu. Hakuna mama wa kumtoa mtoto wake mikononi angali hai.

Jumamosi Seth akaleta mashine. Huyu alikuwa mwalimu wa kompyuta mjini, mtu wa Kitui, mpole, anayesema "samahani" hata akikanyaga zulia. Akaipanga mezani mbele ya kiti cha Watiri na kutueleza. Chini ya kioo kulikuwa na kamera ndogo na taa ambayo mwanga wake hauonekani. Taa inamulika jicho, kamera inalifuata, na herufi utakayoikazia macho ndiyo inayoandikwa. Lakini kwanza mashine lazima ilisome jicho lenyewe: vinatokea viduara, kimoja baada ya kingine, huku na huku kwenye kioo, na mgonjwa anavitazama mpaka vyote viishe. Akivimaliza, ndipo herufi zinakuja.

"Hiyo tu?" nikauliza.

"Hiyo tu, mama."

Wacha! Kwanza jua la dirishani likaivuruga kamera, nikatundika blanketi. Kisha kichwa cha Watiri kikawa kinaegemea upande, nikakishikilia kwa taulo nilizozikunja. Ivy nilikuwa nimempeleka kwa jirani, Mama Murugi, na begi jipya alilonunuliwa na baba yake lilikuwa tayari mlangoni. Kila nikigeuka naliona. Jackton alikaa na kofia magotini.

Kiduara cha kwanza kikapita. Cha pili kikapita. Cha tatu, Seth akatikisa kichwa. "Imempoteza."

Tukaanza upya. Ikampoteza. Tukaanza tena, ikampoteza kwenye cha pili. Watiri akatokwa na machozi, nikampangusa, Seth akasema jicho likilowa ni shida zaidi, tungoje likauke. Tukangoja. Ikampoteza. Nikasema maneno ambayo Mkristo hasemi, nikauliza ni mashine gani hii inayoona watoto wa wazungu peke yao. Seth akasema samahani. Jackton akasimama na kulitazama begi, na nikajua anachofikiria: mashine ikikataa, yeye ndiye baba.

"Jaribu tena!" nikamwambia Seth. "Hutoki hapa!"

Kiduara kikatokea. "Umekiona, Mama Ivy?" Jackton akauliza. "Umekiona, Watiri?" nami nikauliza. Nyusi zikapanda, macho yakatanuka, na mashine ikampoteza.

Seth akainua mkono. "Ngojeni. Nyinyi mnamuuliza."

"Tumuulize nani basi?"

"Mnamuuliza, na yeye anawajibu. Akiinua nyusi jicho linatoka pale kamera ilipolishika. Samahani, lakini mtu yeyote asimuulize kitu. Chochote."

Ngai, Mungu wangu! Siku nzima sisi ndio tuliokuwa tunamharibia. Na yeye, maskini, opereta ambaye hakuwahi kumwacha mtu kwenye simu bila jibu, alikuwa anatujibu kila mara. Nikashika pembe ya leso nikaiuma. Anayenijua anajua kunyamaza kwangu ni kazi ya kulipwa.

Viduara vikapita vyote.

Seth akafurahi, akataka kutuonyesha kwamba mashine inaweza hata kusema. Akaandika jina la dada yangu na kubonyeza, na sauti ya mzungu mwanamume ikatoka: "Wotairi." Nilimwambia azime mara moja. Si kwa Watiri. Kwa mtu mwingine sawa, si kwa Watiri mwenye sauti ile.

Kisha herufi zikaja, safu kwa safu, A mpaka Z. Macho ya dada yangu yakazunguka kidogo kama mtu aliyeingia nyumba ya wenyewe. Halafu yakatulia. I. Tukangoja. V. Tukangoja. Y. Jackton akasogea karibu. A. Nikaanza kuomba kimoyomoyo, Baba sasa iwe S, iwe S.

E. N. D. E.

IVY AENDE.

"Hapana!" nikapiga kelele. "Imekosea! Alitaka kuandika asiende! Mwalimu, mashine yako imekula herufi mbili!"

"Imeandika aende, shemeji," Jackton akasema. Sauti yake haikuwa ya ushindi, lakini mimi sikutaka kuisikia.

"Imekula S na I! S iko kule chini pembeni kabisa, si mmeona pale pembeni ndipo iliposumbua? Mwalimu, si kweli?"

Seth akapangusa uso. Alikiri kwamba pembe ile ilikuwa dhaifu kidogo.

"Kama ni S peke yake iliyokataa," Jackton akasema polepole, "tungesoma aiende. Hiyo I iko katikati. I ya Ivy imekubali vizuri."

"Ameona S inakataa, akaruka zote! Amechoka! Wewe hungechoka?"

Nikamgeukia Watiri nimuulize, na neno lilikuwa mdomoni tayari, hutaki aende, sivyo? Seth akanishika mkono. Yule mtu mpole alinishika kwa nguvu. "Mama, tafadhali. Usimuulize. Nitairekebisha pembe ile, halafu mwacheni aseme mwenyewe."

Akarudia viduara vya chini. Vikapita. Akafuta maneno, akarudisha herufi, tukanyamaza wote watatu. Nilisikia redio ya Mama Murugi ng'ambo ya ukuta, na Ivy anacheka na kitu.

A, ikaandika mashine.

S.

Moyo wangu ukaruka. Ile S ya pembeni, safi kabisa.

I.

"Asi!" nikalia. "Si niliwaambia! Baba Ivy, soma hapo! Asiende! Asiende!" Nilikuwa narukaruka kama mwendawazimu, machozi yananitoka, nimeshalisukuma lile begi kwa mguu kutoka mlangoni. Jackton akafunika uso kwa kofia.

"Mama," Seth akasema. "Bado anaandika."

N.

I.

O. N. E. Macho yakashuka mahali pa nafasi, yakarudi kwenye herufi. Mimi nilikuwa nimeacha kuruka. Ilichukua muda mrefu. Mara mbili alifumba macho kupumzika na tukadhani ameacha. Akamaliza.

ASINIONE NIKIKATIKA.

Jackton alilisoma kwa sauti, nusu, akashindwa. Alipiga magoti mbele ya kiti, akaishika ile mikono iliyokuwa ikiunganisha simu za mlima mzima, akamwambia, "Nimekupata, Nyeri. Nimekupata." Hakumuuliza kitu. Alikuwa amejifunza kabla yangu.

Mimi sikuweza. Nilikuwa nimesimama pale na leso mkononi, na S na I zangu zilikuwa kwenye kioo zinanitazama, zote mbili. Nikamuuliza. "Na mimi je, Watiri? Mimi nitabaki na nani?"

Macho yake yakatoka kwenye kompyuta yakanijia. Hilo halikuwa swali la nyusi. Akanitazama tu, muda mrefu, bila kupepesa, na kwenye kioo hapakuandikwa chochote.

"Imempoteza," Seth akasema kwa sauti ya chini.

Nikamwambia azime. Nikaenda kwa Mama Murugi kumwita Ivy, nikamvalisha lile sweta jekundu nililomfumia mwenyewe, nikafunga vifungo vyote mpaka shingoni. Jackton akaniambia taratibu kwamba Ugunja ni joto, hatalihitaji. Nikamwambia najua.