Shali ya Maganda ya Bitunguu

Mwanangu, weka ile sufuria chini kwanza, ukae hapa karibu yangu. Nimekuona na kurkuma yako na uzi wako mweupe, unataka kumufumia mutoto wa ndugu yako kofia ya batizo, na roho yangu imerudi Butembo, siku zile mbele niolewe, siku mukaka yangu alinilizisha juu ya uzi kama huo huo. Mukaka, ni kusema mama wa baba yangu. Alikuwa mufupi, maneno machache, lakini akisema moja, unalala nalo.

Wakati ule posa ilikuwa imekwisha pokelewa. Babu yako, njo aliyeniposa, alikuwa mutu wa Masereka, na kule juu mulimani baridi haichezi na mutu. Mu jamaa yetu, musichana hakuenda kumusalimia mama-mukwe mara ya kwanza na mikono mitupu. Alipeleka kitu alichotengeneza yeye mwenyewe, na kile kitu njo kilimusemea, yeye akae kimya. Mama-mukwe akikipenda, umepata mama. Akikichukia, pole yako, utaishi mu ile nyumba miaka yote kama mugeni. Mimi nilikuwa naogopa sana, siwezi kukudanganya.

Nikasema nitapeleka shali. Nilifumua pull moja nzito, sweta ya mitumba ya ballot, ya laine ya kweli, ni kusema manyoya ya kondoo. Nasema ya kweli kwa sababu mukaka alichoma kipande cha uzi na kiberiti, kikanuka kama nywele. Ile ya plastiki inayeyuka tu, na rangi ya jikoni haiishiki hata uipike mpaka Noeli. Hilo nalo ulijue.

Rangi nilitaka manjano, yenye kuita batu tangu mbali. Nikatia kurkuma mu maji ya moto, ile bizari tunatia mu muchele wa sikukuu, nikazamisha uzi. Aa, mwanangu! Muda ule hata bugali haungekuwa umeiva. Uzi ulitoka unawaka. Mama jirani akapita mu kiwanja, akasimama: «Ee, Kavira! Huyu mama-mukwe atakufa na furaha!» Mugema akisifiwa, pombe anaitia maji. Kichwa kilinivimba, nikaanza kufuma siku ile ile.

Kipande kilipofika upana wa mukono, nikamupelekea mukaka ili naye asifu. Alikuwa anafua mashuka. Akakigeuza, akakinusa, halafu, bila kuniuliza, akakitosa mu bassin na kukipakaa sabuni yetu ya mawese, ile ngumu ya kufulia.

Manjano yangu ikageuka nyekundu. Si kidogo, nyekundu kabisa, kama udongo wa barabara kisha mvua, na maji ya bassin nayo yakachafuka. Nikapiga kelele:

«Mukaka! Umeniua!»

«Mimi? Ni sabuni,» akasema, hapana hata kuniangalia. «Lete ndimu.»

Nikaleta mbio. Akakamulia ndimu juu, na manjano ikarudi. Nikacheka na machozi bado usoni, nikamwambia sasa dawa tunayo. Mukaka akatupa ganda la ndimu.

«Donc utahamia kule na mufuko wa ndimu? Kila siku mama-mukwe wako akifua, unasimama nyuma yake unakamua?»

Nilikasirika, mwanangu. Nikamwambia ananionea wivu, yeye muzee hapana kujua vizuri vya siku hizi. Maneno ya kijinga. Yeye akamaliza kufua, akaanika mashuka, ndipo akaniambia: «Mujukuu wangu. Kazi yako umeifanyia macho ya jirani. Mwenye shali ataivaa mu jua, ataifua na sabuni. Jua na sabuni njo majaji wako.»

Asiyesikia la mukubwa huvunjika guu, na guu langu lilikuwa tayari linauma. Nikafumua yote.

Kesho yake nilikwenda sokoni kuomba maganda ya bitunguu. Mama bauzaji balinicheka: «Mais wewe, umeacha bitunguu unataka maganda?» Balinipa mufuko mzima. Alun, ni kusema shabu, niliomba kwa kinyozi, lile jiwe jeupe anapakaa mutu akimukata na wembe. Mukaka akaliyeyusha mu maji ya vuguvugu, uzi ukalala ndani usiku kucha. Ile alun njo inashikisha rangi. Bila hiyo unapaka tu, hapana unatia. Asubuhi tulichemsha maganda mpaka maji yakawa kama chai nzito, tukachuja, tukatia uzi kwa moto mudogo. Kila mara nilitaka kukoroga, na kila mara alinipiga kidole, maana laine ukiisumbua mu moto inajishika na kuwa kama blanketi. Wala uzi haukutolewa ungali moto. Ulipoa mulemule mu sufuria, polepole, na mimi nikapoa nao.

Ukatoka rangi ya asali nzito. Haukuwaka. Nilifuma shali yote nikinung'unika kwamba itaonekana ya zamani.

Kule Masereka, mama-mukwe aliipokea, akasema asante, akaingia nayo ndani. Kisha nikamusikia anamimina maji. Akatoka na bassin na sabuni, akakaa mbele yetu sote, akashika ncha moja ya shali, akaanza kusugua! Nikawaza ile kurkuma, nikawaza nyekundu ile mu mikono yake.

Akasugua, akaangalia maji. Povu lilikuwa jeupe tu.

«Ile shali niliyoletewa na muke wa mutoto wangu mukubwa,» akasema, «ilitoa rangi, ikaniharibia blouse ya misa. Nilimutukana, naye hakunisamehe mpaka leo. Wewe, nani amekufundisha?»

«Ni mukaka yangu.»

«Umusalimie sana. Na wewe inuka, ingia jikoni, unisaidie viazi.»

Mwanangu, mugeni hapelekwi jikoni. Nilimenya viazi vile nikilia, nikasingizia moshi.

Shali yenyewe ni hii iko juu ya magoti yangu. Mama-mukwe aliniachia alipokufa. Ncha zimelika, lakini angalia rangi.

Basi nasaha yangu ni hii. Kitu unachotaka kumupa mutu, kifue wewe kwanza, na sabuni ile ile atakayotumia yeye. Kazi yako, neno lako, hata huyo kijana anayekuja hapa kwetu Mulekera na pikipiki yake kila Jumapili: usiridhike na siku ya kwanza, siku ya kuwaka. Na mutu anayekusugulia kazi yako mapema, usimwite adui. Mungu akupe mikono yenye kungoja, akupe masikio mbele ya machozi, na huyu mutoto avae kofia yake mpaka imubane.

Haya, sasa lete bassin na sabuni.