Tyubu ya Tatu Nyuma ya Kibanda cha Pancha

Saa nane na dakika kumi mchana, siku ya Jumapili, tyubu ya kwanza iliwekwa kwenye nyasi nyuma ya kibanda cha pancha, mpakani Malaba. Ilikuwa miaka ya sabini, nami nilikuwa taniboi, yaani utingo wa lori. Forodha ilikuwa imefungwa hadi kesho yake, malori yamepangana barabarani, na sisi vijana hatukuwa na la kufanya.

Mwenye kibanda alikuwa mama mmoja kutoka Mundika, fundi wa tairi, mwenye ulimi mkali. Alijaza upepo tyubu tatu za lori, akazifunika kwa turubai na kuzikaza kwa kamba hadi kila moja ikawa jukwaa la kudunda. Mbele ya ile ya tatu palikuwa na mtaro wa maji machafu. Ng'ambo ya mtaro aliweka magunia ya maganda ya mahindi, na juu yake kilo mbili za sukari. Unaruka kutoka jukwaa hadi jukwaa bila kugusa ardhi, unavuka mtaro, sukari ni yako. Kila jaribio, sumuni, senti hamsini.

Hadi leo naustaajabia mpangilio ule. Tyubu ya kwanza ilikuwa imejaa upepo, ngumu, na ilikaa mahali ambapo kuanguka hakuumizi. Ilikufundisha jinsi ya kurushwa kabla hujahitaji kujua. Ya pili ilikuwa ngumu vilevile, ila mbali zaidi. Ya tatu, kubwa kuliko zote, aliipunguza upepo. Ukiikanyaga ilibonyea, ikakawia, ndipo ikarudi juu.

Miaka mingi baadaye, nilipokuwa nikijifunza kompyuta peke yangu kwa vitabu vya mitumba, niliona michezo ambamo mtu mdogo kwenye skrini anaruka juu ya majukwaa yanayodunda. Katika ile iliyotengenezwa kwa akili, jukwaa la kwanza halina hatari chini yake, na lile lenye ukaidi huwekwa kando ya shimo. Mama yule alikuwa amefika hapo zamani, kwa pampu ya mkono.

Siku ile tulianguka wote, wengine mara mbili tatu. Tulipotoka mtaroni tukinuka, dereva wangu alimkabili.

"Mama, hiyo ya tatu umeiharibu makusudi. Hakuna mtu anaweza kuvuka. Hiyo ni wizi. Rudisha pesa ya vijana."

"Wewe umejaribu, boss?"

"Mimi niko na tumbo."

"Basi tumbo linyamaze."

Tulicheka, lakini watu walikuwa wameanza kumzunguka mama. Kibanda kile kiliishi kwa madereva. Akiitwa mwizi Jumapili, Jumatatu hakuna ambaye angemwachia tairi, na yeye alilijua hilo kuliko sisi.

"Nikianguka, narudisha zote," alisema. "Nikivuka, kila mtu afunge mdomo."

Alivua akala, viatu vyake vya tairi, akakaza leso kiunoni. Ya kwanza ilimrusha vizuri, ya pili vilevile. Alipofika ya tatu ndipo nilipoliona kosa letu. Kazi yetu ilikuwa kuruka kutoka kwenye lori ambalo bado linatembea, gogo mkononi, na kuwahi kulizuia gurudumu mlimani. Mtu wa kazi hiyo hukunja magoti anapotua, kisha hukimbia mbele. Magoti yetu yalikuwa yakiimeza nguvu yote ya tyubu, na haraka yetu ilituondoa juu yake kabla haijarudi. Yeye alitua miguu imenyooka, akazama, akangoja. Tyubu ikamtupa juu ya mtaro, akaangukia katikati ya magunia, na moja likapasuka.

"Nyinyi mnaruka kama mnakimbizana na lori," alisema huku akijipangusa maganda. "Hapa lori liko wapi?"

Dereva wangu ndiye aliyecheka kwanza. Alimwambia asubuhi atamletea tairi mbili za akiba, azikague kabla hatujavuka. Wengine wakarudi kwenye malori yao, wala hakuna aliyeitaja tena sumuni yake. Mama aliketi juu ya gunia ambalo halikupasuka, akamimina sarafu kwenye leso na kuzihesabu polepole. Zilikuwa shilingi kumi na moja na senti hamsini.