Siku Tuliyofunga Laini ya Baba

Baba alifariki asubuhi, na kabla jua halijafika utosini mama alikuwa ameshaulizia basi. Hakuulizia sanduku, wala padri, wala nani atapeleka habari kwa ndugu zetu wa kaskazini ya Katanga. Alikaa juu ya mkeka, kichwa amekifunga kitenge, akaniambia mimi, binti yake mkubwa: “Wende ku depo. Ubaambie baba yako anapashwa kufunga laini.”

Baba alikuwa dereva wa mabasi ya jimbo, wakati nchi yetu ilikuwa bado inaitwa Zaire. Laini yake ilianzia kwetu Kamalondo, ikapita katikati ya mji, ikamalizikia Hewa Bora. Madereva wa depo ile ya mabasi walikuwa na desturi yao. Mmoja wao akifa, sanduku lake linawekwa ndani ya basi, na mwenzake anaendesha laini yote ya marehemu mara ya mwisho kabla ya kwenda makaburini. Kila kituo anasimama, anafungua milango, anapiga honi mara moja, anangoja kadiri mtu anavyongoja mwenye kupanda, kisha anafunga milango na kuendelea. Huko ndiko kufunga laini. Walisema dereva asiyefungiwa laini yake atabaki anangojwa na watu, na mfu anayengojwa hapumziki.

Nilikuwa nimeiona desturi hiyo nikiwa msichana. Siku zile basi la pili lilifuata nyuma kubeba abiria, kwa hiyo pale kituoni watu waliondoa kofia, wakanyamaza, na hakuna aliyekanyaga ngazi. Baba mwenyewe aliwafungia wenzake wengi.

Lakini mwaka ule hakukuwa na basi la kwanza wala la pili. Askari walikuwa wamepora mji, na watu wakapora nyuma yao. Mabasi yalikuwa hayaonekani barabarani tangu mvua zilizopita. Baba aliendelea kuvaa koti lake la kazi kila asubuhi na kwenda depo kwa miguu. Tukimuuliza, alisema wanangoja vipuri. Mimi nilimwamini. Nilidhani mabasi yamelala tu, yamefungiwa mahali, mazima, kama vyombo vya kabatini.

Nilipofika depo nilisimama mlangoni nikashindwa kuingia. Mabasi yalikuwa yamekaa juu ya matofali. Hayakuwa na mipira ya magurudumu, mengine hayakuwa na viti wala vioo, moja limeoteshwa mihogo pembeni yake mpaka majani yameingia dirishani. Mabasi niliyodhani yamelala yalikuwa mizoga. Na katikati yake kulikuwa na njia nyembamba iliyosafishwa, inayokwenda mpaka kwenye basi moja lenye vioo vyote, limeoshwa, linang'aa. Lilikuwa la baba. Ndiyo kazi aliyokuwa akiifanya kila siku: kuosha.

Rafiki yake mkubwa, dereva mwenzake mrefu ambaye sisi watoto tulimwita baba mdogo, alinikuta pale. Nilipomwambia habari alivua kofia akaketi chini kwenye saruji. Baadaye alinipeleka kwa mkubwa wa ofisi ya usafiri ya jimbo, kwenye jengo la hapo hapo depo, maana basi halikuweza kutoka bila ruhusa yake.

Mkubwa alikuwa injinia, mtu mpole, suti yake imechakaa viwikoni. Alinipa kiti. Nyuma yake ukuta wote ulikuwa ramani ya Lubumbashi, na juu ya ramani nyuzi za rangi zimekazwa kwa misumari midogo, kila uzi laini moja. Laini ya baba ilikuwa ya kijani. Kulikuwa na nyuzi nyekundu pia, na moja ilivuka mwisho wa mji ikaelekea njia ya Kinsevere. Niliuliza nyekundu ni nini. Akasema ni laini mpya, za mwaka ujao.

Nilimtazama. Mimi sikumaliza shule ya sekondari, nikadhani labda kuna jambo ambalo sikulielewa. Nikamuuliza kama mabasi mengine yatakuja. Akasema hapana. Akanieleza taratibu, kama mtu anayemweleza mgeni nyumba yake. Mabasi yalinunuliwa na mji mkuu kwa mkopo wa wageni. Mazutu, mafuta ya kuendeshea, ilitolewa na kampuni ya migodi, badala ya sehemu ya kodi yake. Mishahara ilikuwa juu ya jimbo. Barabara zilikuwa juu ya mji, kwa ushuru wa masoko. Kila mwaka, kiangazi kikianza, wakubwa wa pande zote nne waliketi mezani na kupanga, na ofisi yake ikachora walichokubaliana. Kisha migodi ikaanguka, mazutu ikakatika. Wageni wakaondoka na mkopo wao. Jimbo likaacha kulipa, masoko yakachomwa. Lakini hakuna aliyeiandikia ofisi yake kwamba mpango umekufa.

“Basi ya baba yako ilikuwa na baba bane,” alisema. “Kila mumoja alizania mwingine njo atailisha.”

Nilimuuliza kwa nini basi anaendelea kuchora. Aligeuka akautazama ukuta.

“Mama, nikiacha kuchora, na miye nitakaa juu ya matofali.”

Kuhusu ruhusa, alisema tuchukue basi. Hakuna wa kutukataza. Yeye mwenyewe angekuja kuzika, kama viatu vyake vingefika. Hakutania. Viatu vyake nilikuwa nimeshaviona.

Siku mbili za kilio madereva walihangaika. Walivua mipira mizuri kutoka kwenye gari la zamani la kuzima moto, wakaibana kwenye basi la baba kwa namna waliyoijua wao. Betri na mazutu tuliazimwa na mfanyabiashara mmoja wa Kivu ya Kaskazini, mwenye malori ya unga. Siku alipofika mjini bila nauli, na gunia moja tu, baba alimbeba na gunia lake na hakumwambia ashuke. Mfanyabiashara alisema arudishiwe betri jioni, maana lori lake nalo ni maiti bila hiyo. Wazee wa kilio walicheka kidogo, wakaomba msamaha kwa mama, na mama naye akacheka.

Tulitoka asubuhi. Sanduku liliwekwa mbele, kwenye nafasi ya kati ya viti, limefunikwa kitenge cha mama. Mama aliketi nyuma ya dereva. Wanawake walianza wimbo wa kanisani. Baba mdogo aliendesha polepole mpaka kituo cha kwanza, pale pale Kamalondo karibu na washonaji, akasimama, akafungua milango miwili, akapiga honi.

Kwanza watu walitutazama tu. Kisha mtu mmoja akapiga makofi. Halafu wakaja wengi, kutoka kwenye vibanda, kwenye baa, kutoka chini ya mashine za kushona, wanakimbia. Tulidhani wamekuja kumuaga. Wakaanza kupanda kwa mlango wa nyuma.

“Bus inarudia,” walikuwa wakiambiana. “Bus ya leta inarudia.” Leta ni serikali.

Wimbo ulikatika. Mtu mmoja mwenye cherehani begani alijibanza kati ya shangazi zangu akasema kwa sauti ya furaha: “Kumbe baliwaza kama siye pia tuko bantu.” Wenzake wakamcheka, wakamwambia asikae sana, kesho mkubwa fulani atalitaka basi hili liwe lake. Shangazi zangu waliduwaa, midomo wazi. Nilitazama nyuso zile zenye furaha na sanduku la baba lililokuwa hatua chache mbele yao, limezibwa na migongo yetu, na nilihisi kama nimesimama mahali pawili.

Baba mdogo alimtazama mama kwenye kioo. Aliuliza kwa sauti ya chini kama apite vituo vingine bila kusimama, aende moja kwa moja makaburini. Watu wangeshushwa hapo, wangeelezwa.

Mama alikuwa ameweka mkono juu ya sanduku.

“Simama kila pahali,” alisema. “Asiyesimama hajafunga.”

Tukasimama kila mahali. Kila kituo watu walikimbia, na kila kituo honi ilipigwa mara moja. Katikati ya mji mama mmoja mnene mwenye beseni la samaki wakavu alisukuma mpaka mbele kutafuta nafasi ya beseni lake, akaliona sanduku. Akasimama hivyo hivyo, beseni mikononi.

“Ni nani?” aliniuliza.

“Ni dereva wa hii laini.”

“Ule alikuwa anangojaka bamama ya soko?”

Nikasema ndiye. Akaweka beseni chini, karibu na miguu ya baba, akafungua kilemba chake akajifunga kiunoni kama tufanyavyo kwenye kilio. Habari ikarudi nyuma kwa minong'ono, kutoka kiti hadi kiti, na kelele za furaha zikazimika moja moja. Hakuna aliyeshuka. Hata Hewa Bora, mwisho wa laini, honi ya mwisho ilipopigwa, walibaki wamekaa. Tulikwenda nao makaburini, fundi na cherehani yake, mama wa sokoni na samaki wake. Walimwaga udongo pamoja nasi.

Basi halikurudi. Betri ilivuliwa pale pale ikapelekwa kwa mwenyewe kwa toroli, kama tulivyoahidi, na basi likabaki limeegemea ukuta wa makaburi. Tulirudi kwa miguu. Mama alitembea vizuri, nikaona moyo wake umetulia. Alisema laini imefungwa.

Kesho yake asubuhi nilitoka kununua makaa. Pale kwa washonaji palikuwa na watu wamepanga mstari, mrefu kuliko wowote niliopata kuuona hata miaka ya mabasi. Wamevaa vizuri. Wengine walitoka mitaa mingine, kwa sababu habari ilikuwa imelala ikitembea: jana basi lilipita, milango wazi, halikutoza mtu. Walikuwa wakitazama upande lilikotoka.

Nilirudi nyumbani bila makaa nikamwambia mama. Nilimwona anaukunja na kuukunjua upande wa kitenge chake.

“Bado banamungoja,” alisema mwishowe. Kisha: “Wende ubaambie, mwanangu. Pole pole. Honi haikutosha.”

Nikaenda. Nilianza na mzee wa mbele kabisa. Alinisikiliza mpaka mwisho, akanishukuru, akaondoa kofia, na akabaki amesimama palepale. Nikasogea kwa aliyemfuata.