Mama Alivyokuwa Akiipisha Ndege

Mashine ya kusaga ikizimwa, mimi husogea pembeni. Juzi hapa Lushoto nilisogea hadi nikamkanyaga mama mmoja kwenye foleni. Kelele hainisumbui. Kinachonisumbua ni ule ukimya unaoifuata, wenye harufu ya dizeli na unga wa moto.

Ukimya wa namna hiyo niliusikia kwanza nikiwa darasa la pili. Sisi watu wa Mlola tulilima mahindi bondeni, upande wa Magoma, mbele ya kiwanja kidogo cha ndege cha udongo. Kwingine kote kulikuwa na mkonge. Wanafunzi wa urubani walikuja pale kujifunza kuruka na kutua. Siku hiyo tulishavuna. Mama na shangazi walikuwa wakivuka shamba tupu, magunia kichwani, mimi nyuma na dumu la maji. Ndege ndogo nyeupe ikaruka kutoka kiwanjani kuja kwetu, chini chini. Nikapunga mkono. Injini ikakohoa, ikanyamaza.

Ukabaki upepo kwenye mabawa.

"Mama Salimu, inatujia," shangazi alisema.

Mama hakuweza kukimbia, gunia lilimwelemea. Kisha ndege ikainamia upande, ikageukia mkonge. Kishindo chake kilikuwa kidogo, kama gunia lililotuliwa vibaya. Waliokuwamo wote wawili walikufa.

Mama alisema neno moja tu: "Katupisha."

Kwetu milimani njia ni nyembamba. Asiye na mzigo humpisha mwenye mzigo, hata mzee humpisha mtoto mwenye kuni. Nilidhani mama anasifu adabu. Tangu hapo, ndege ikipita, hata ya mbali mawinguni, alitoka njiani na mzigo wake, akasimama majanini mpaka mlio uishe.

"Mama yako kaipisha ndege tena?" wenzangu walinitania. "Ilibeba kuni?"

Miaka mingi baadaye, nikiwa na shahada mbili na kitambi, niliketishwa harusini karibu na mwalimu wa urubani. Alinieleza kwamba injini ikizimika ndege ikiwa ndiyo kwanza imeruka, bado iko chini chini, hugeuki. Unashusha pua, unatua mbele yako. Ukigeuka, unaanguka.

"Na mbele kukiwa na watu?"



Nilipanda Mlola kumpelekea mama ugunduzi wangu, kwamba rubani yule aligeuka akijua ataanguka. Alinisikiliza kwa huruma, akichambua maharage.

"Nilikwambia siku ile ile, mwanangu," alisema. "Tena mwenye mzigo alikuwa yeye."